Mtungi Unaotoa Jasho

Siku Semana alipoondoka, waasi walikuwa na wiki mbili tangu wauteke mji wa Uvira, kando ya ziwa, mwaka ule wa 1964. Alikwenda Luvungi kumchukua mama yake. Kabla ya kutoka alitundika ukutani inanga yake, ala ya muziki ya ubao mrefu uliochongwa, wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe.

"Hii imezoea ukungu wa milimani," alimwambia mkewe, Mukarusanga. "Joto la huku litaipasua. Nitunzie, nikirudi niikute inaimba."

Mwezi ukapita. Barabara ya Luvungi ikafungwa. Kiangazi kikaingia, na ubavuni mwa inanga ukatokea ufa mwembamba kama unywele.

Mukarusanga alikuwa binti wa wafugaji, na kwao kila kitu cha mbao kilipakwa siagi. Akaipaka, ubao na nyuzi. Mchana paka wa jirani akapanda kulamba. Nyuzi zikalia. Mukarusanga akatoka jikoni mbio, akidhani mumewe amerudi. Alipomwona paka na sharubu zake za siagi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Firmin, mvuvi wa nyumba ya pili, alikuwa na dawa yake.

"Weye shemeji, mbao haitake mafuta, inataka maji! Mutumbwi yangu ikipasuka naizamisha siku tatu, ufa inajifunga."

"Shemeji, hii haibebi samaki."

"Mbao ni mbao!"

Kesho yake Mukarusanga alirudi kutoka sokoni akakuta ukuta mtupu. Inanga ilikuwa ziwani, imekandamizwa kwa mawe, na Firmin ameketi kando yake.

"Bado siku mbili," akasema kwa fahari.

Mukarusanga aliingia majini na kitenge chake. Nyuzi zilikuwa zimelegea kama utumbo wa samaki.

"Musamehe," alisema Émérance, mke wa Firmin, akijizuia kucheka. "Yeye anajua mbao ya kukaliwa. Ya kuimba hajue."

Wakaiegemeza kwenye kona ya nyumba ya Émérance, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, ikauke polepole. Wiki ya pili Mukarusanga alipitisha kidole ubavuni: ufa ulikuwa umejifunga. Akagusa mtungi, kiganja kikalowa. Kumbe inanga haikutaka siagi wala ziwa. Ilitaka kuvuta hewa yenye unyevu, kama kule milimani.

Basi akaenda kwa wafinyanzi wa Kavimvira kujitafutia mtungi. Nkeshimana, muuzaji, alimgongea mmoja uliolia vizuri.

"Chukua huu, mama. Haupitishe hata tone."

Mukarusanga aliomba maji, akajaza mitungi minne, akangoja, akiipapasa tumbo mmoja mmoja.

"Nataka ule wa mwisho."

"Ule? Ule iko inatoa jasho! Miye nilitaka kuuvunja."

"Usiuvunje. Nauchukua."

Nkeshimana akawaita wenzake waje wamwone mama anayechagua kasoro. Walimcheka, naye akacheka nao, mtungi ukiwa tayari kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

Kiangazi hiki ni cha tatu. Semana hajarudi. Firmin ameweka nyuzi mpya na amejifunza wimbo mmoja, anaupiga vibaya, paka anatoka nje. Mtungi uko chini ya inanga, na Mukarusanga anaujaza kila asubuhi.