Mguu Uliolala

Bendera nyekundu ilipanda kabla Renatha hajajipangusa mchanga.

"Umeharibu," alisema mwamuzi, Mwalimu Buberwa. "Mguu mwingine umegusa chini. Yunus, sawazisha."

Yunus akasogea na reki. Renatha akasimama mbele ya alama aliyoiacha mchangani, mikono kiunoni.

"Usiguse hapa."

Alikuwa afisa kilimo wa Kagoma. Timu ya watumishi wa Muleba ilimleta Bukoba, kwenye mashindano yaliyofanyika uwanja mmoja wa Ijuganyondo. Mchezo wake ni miruko mitatu: unakimbia hadi kwenye ubao, unaruka na kutua kwa mguu uleule, unaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, kisha unajitupa mchangani. Tangu aanguke na pikipiki akienda kwa wakulima, goti lake la kushoto halikunjiki vizuri. Mguu huo ukiwa hewani hushuka, vidole vikakwaruza ardhi.

"Mwalimu, waitu, umegusa, sikatai," alisema kwa adabu ya Kihaya. "Lakini ulikuwa umelala."

Watu wakacheka. "Kitanda gani?" mmoja akauliza.

"Mguu unaoruka ndio ulio macho. Ule unaoning'inia ukisubiri zamu yake unaitwa mguu uliolala. Ukigusa chini, sheria inasema si kosa."

"Nimesimamia mchezo huu miaka ishirini. Hunifundishi wewe."

"Basi tusome kitabu."

"Toka mchangani, la sivyo nakuondoa mashindanoni."

"Niondoe. Ila alama yangu ipimwe kwanza."

Kiongozi wa timu yake, Byarugaba, akamwita pembeni. "Njoo, dada. Tutaonekana wakorofi."

"Acha tuonekane."

Manyunyu yalianza. Goti lilimuuma kwa kusimama, lakini hakuketi.

Ndipo mwamuzi mkuu, Annastella, akaja kutoka upande wa mbio na kitabu cha sheria ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Buberwa akakiomba, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Pimeni," akasema hatimaye.

Mita tisa na sentimita arobaini. Watu wa Muleba wakashangilia. Renatha hakutoka.

"Nini tena?" Buberwa akauliza.

"Yule dada wa Kashai, Joviana. Umemfutia mruko wake sasa hivi kwa jambo hilihili, na alama yake imeshasawazishwa. Mpe mwingine."

"Huyo atakushinda," Byarugaba akanong'ona.

"Najua."

Joviana alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda nyumbani. Akavivua. Aliruka mita tisa na sentimita sabini, na Buberwa mwenyewe akainua bendera nyeupe.

Renatha alikuwa wa pili. Alichechemea hadi kwenye benchi, Byarugaba akampa kisogo. Baadaye Buberwa akamfuata, kofia mkononi.

"Wapo wengi niliowafuta," alisema.

"Wapo," Renatha akajibu, akaendelea kufunga goti lake bandeji.