Mwali Aliyefungua Kinywa

Mnasema Sabra kaharibu ngoma. Semeni, midomo ni yenu. Mnapita na ndoo zenu mbele ya baraza langu, mnabetua midomo, mnanong'ona. Nong'oneni kwa sauti basi, nisikie! Nina miaka sitini na moja, wasichana arobaini na mmoja nimewatoa ndani huku Salale, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa kazi yangu ya ukungwi. Siombi na leo.

Salima aliletwa kwangu na bibi yake, Mwanasiti, baada ya mavuno ya mpunga. Miaka kumi na minne, mwembamba kama ufito. Ana kisukari. Hakukipata kwa kula halua wala nini. Mwili wake wenyewe ndio ulioacha kutengeneza dawa yake. Miaka miwili nyuma alikuwa anakunywa maji hashibi, anakojoa, anakonda, na Mwanasiti akasema ni jini. Wakamfukizia ubani siku tisa. Mama yake, Mwamini, ndiye aliyechoka akampakia kwenye boti mpaka hospitali, mtoto hajitambui. Tangu hapo anadungwa sindano kila siku, na atadungwa maisha yake yote.

Mwamini alinikabidhi dawa zile. Friji hatuna, kwa hiyo tuliziweka kwenye chungu kidogo, na chungu tukakitia ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa.

"Bi Sabra," akaniambia, "akishadungwa lazima ale. Asipokula, sukari inashuka. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi. Hapo mpe kitu kitamu haraka. Soda, asali, hata sukari yenyewe."

Nikamcheka. "Mgonjwa wa sukari nimpe sukari? Mwamini, unanitania."

"Hapo ndiyo itakayomwokoa. Dawa inakuwa imeishusha kupita kiasi, na akizidiwa anazimia, anakufa."

Nikashika. Ubishi ninao, lakini mjinga si mimi. Mwezi mzima mtoto alijidunga mwenyewe, nami nikasimamia sahani yake.

Lakini kosa nililifanya, na nalisema mwenyewe kabla hamjanisemea. Nilimfundisha kunyamaza. Mwali hana kinywa, kinywa chake ni kungwi wake. Mnajua nyote, mlifundwa hivyo hivyo. Siafu akimuuma, kimya. Njaa ikimshika, kimya, anaubana mkono wangu tu. Salima alishika kuliko wote niliopata kuwafunda. Nilijivuna, wallahi.

Siku ya kutoka alijidunga alfajiri, uji ukawa tayari. Mwanasiti akaufunika kwa kawa. "Mwali hali mpaka mashangazi zake wamwone."

Mashangazi wako wapi? Maji yamekupwa, boti yao imekwama kwenye tope la mikoko.

"Anakula sasa hivi," nikasema.

"Boti ile pale inaonekana, Sabra. Dakika tano tu."

Nikakubali. Mimi huyu huyu, nikakubali, kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Dakika tano zikawa saa moja na nusu.

Mashangazi walipotia mguu tu uwanjani, ngoma ikaanza. Mjomba wake, Husseini, akambeba mabegani, kafunikwa kanga mpaka usoni, vigelegele kila upande. Nikaona miguu inatetemeka. Nyie mkafurahi: "Mwali ana haya! Mwali kafundwa!" Mwanasiti akampungia Nassibu mpiga ngoma azidi kukoleza. Jasho la mtoto likalowesha shati la Husseini. Nikamshika mtoto mkono, ukawa wa baridi, nikangoja unibane. Haukunibana. Nguvu hakuwa nazo.

Nilikuwa bado nimeushika mkono ule kama zuzu, Salima akaivua kanga. Mbele ya umati mzima, wanaume wakiwemo, akaitupa chini.

"Somo," akaniita, ulimi mzito. "Sukari yangu inashuka. Nipe soda."

Ngoma ikakatika.

"Mfunikeni!" Mwanasiti akapiga kelele. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Na mficha maradhi je?" nikamuuliza.

Mwingine, simtaji, anajijua, akadakia: "Ana sukari halafu apewe soda? Mnataka kumuua!"

Nilimnyang'anya Nassibu soda yake, nikawapiga kumbo mashangazi wawili, tukamshusha mtoto. Nikampakata. Akanywa mwenyewe, nusu ikamwagikia kifuani. Mwanasiti akaja kuivuta chupa.

"Mwanasiti, ukiigusa chupa hii nakung'ata."

Na ningemng'ata.

Tukakaa pale mavumbini robo saa, nikimwomba Mungu kwa majina yake yote ninayoyajua. Niliogopa, jamani, sijapata kuogopa vile. Kisha kutetemeka kukaisha. Akanitazama, macho yamerudi, akauliza, "Wali wa kamba haujaiva?" Nikaangua kilio. Akala sahani nzima.

Alipomaliza, Mwanasiti akasimama katikati ya uwanja. "Mwali kasema hadharani. Huyu hajachezwa. Arudi ndani aanze upya, kwa kungwi mwenye adabu."

Mashangazi wakaitikia. Salima akapangusa mdomo.

"Sirudi, bibi," akasema. Hakupandisha sauti.

"Nassibu," nikaita, "piga ngoma."

Nassibu akamtazama Mwanasiti.

"Piga, baba, usinitolee macho!"

Nikachuchumaa, nikamwambia Salima apande. Kwa magoti yangu haya mabovu nikainuka naye, uso wake wazi, chupa ya soda mkononi. Mwamini ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, analia huku anapiga. Nassibu akapiga.

Basi, Mwanasiti kapita nyumba kwa nyumba kusema nisipewe tena msichana. Jumatatu naletewa mmoja, na somo lake la kwanza ni kusema anapoumwa. Asiyetaka asilete wake.

Mnalilia adabu. Salima angenitii siku ile, leo mngekuwa mnanisifu: kungwi hodari, mwali wake kanyamaza mpaka mwisho. Mngenisifu hivyo mkiwa mmekaa mkekani, kwenye hitma yake.