Msumeno Uliozunguka Kinyume

Mafundi wa umeme walipomaliza kubadilisha nguzo iliyooza, taa zikawaka mtaa mzima, na seremala, mwanamke aliyekuwa na jeneza la kumaliza kabla ya saa nane, akamshukuru Mungu. Akawasha msumeno wake wa meza. Ukavuma vizuri. Akausukumia ubao. Ubao ukatoa moshi.

Akazima, akainama kuutazama msumeno ukipunguza mwendo. Meno yalikuwa yanarudi nyuma.

"Wamekuletea umeme mbovu," alisema mtoto wa marehemu, aliyekaa juu ya mbao tangu asubuhi, kana kwamba jeneza huiva kwa kuangaliwa.

"Mbona kwangu uko sawa?" mshonaji wa chumba cha pili akadakia. "Pasi inachoma kama kawaida."

"Wewe unatumia njia moja ya umeme, na pasi haina mbele wala nyuma," seremala akamjibu. "Mota yangu inaendeshwa na njia tatu, zinaisukuma kwa zamu. Zamu ikivurugwa, inageuka. Wamechanganya waya kule nguzoni."

Hapo akafika shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia tangu alipotengeneza redio moja, miaka tisa iliyopita. Ya pili haijatokea.

"Shemeji, niachie mimi."

Seremala akazima swichi kubwa. Alimpenda shemeji yake, tena siku hiyo hakuwa na mbao za majeneza mawili.

Injinia akafungua kasha la mota, akahamisha waya zote tatu: ya kwanza pa pili, ya pili pa tatu, ya tatu pa kwanza. Nusu saa ikakatika. Wakawasha. Msumeno ukazunguka kinyume, kwa bidii ileile.

"Basi mota imekufa," Injinia akatangaza.

"Maiti havumi hivyo," alisema seremala, kisha akamwomba radhi mtoto wa marehemu. Akachukua chaki, akaandika ubaoni. "Ilikuwa moja, mbili, tatu. Wewe umeweka tatu, moja, mbili. Hesabu ukizunguka: baada ya moja ni mbili, baada ya mbili ni tatu. Zamu ni ileile, umeanzia pengine tu. Badilisha mbili, ya tatu usiiguse."

Injinia akazihesabu kwa kidole, mara mbili.

"Nilikuwa naelekea hukohuko," akasema.

Swichi ikazimwa tena. Safari hii seremala alishika bisibisi mwenyewe. Dakika nne baadaye ubao ulikatika kama jibini, na saa nane kasorobo jeneza likapakiwa garini, Injinia akiwa ameshika upande mzito bila kuombwa. Mtoto wa marehemu alimshika seremala mkono, akaondoka.

Seremala akawapigia simu watu wa umeme, akawaeleza walivyochanganya waya.

"Tunakuja kurekebisha nguzo sasa hivi, mama," sauti ikamwambia.

"Msithubutu," akasema. "Mkiigusa tu, msumeno unageuka tena, naanza upya."

Akakata simu, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanywa maji.