Boksi la Punda wa Ngoliba

Muigai alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa maktaba ya jamii pale Kamenu nikibandika namba kwenye vitabu. Kwa miaka mitatu alikuwa hashiki simu zangu. Sasa nilikuwa dear.

"Wangechi dear, habari ya siku mingi? Kuna kitu kidogo tu unisaidie. Ni signature."

"Signature ya nini?"

"Ya ile CD yenu. Kuna mtu huko majuu anataka kuinunua, lakini anataka msanii aliyebaki athibitishe ni original."

Msanii aliyebaki. Alivyolitamka, ungedhani anaongea juu ya kikombe cha mwisho cha seti.

Niwaeleze ni CD gani. Mwaka 2008 mimi na Nzioki, tumemaliza college na hakuna aliyetuandika kazi, tulianza kutengeneza gemu la kompyuta. Tuliliita Punda wa Ngoliba, kwa sababu Nzioki alikuwa wa Ngoliba. Unaendesha mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji, kutoka mtoni mpaka sokoni Thika, ukikwepa malori ya mananasi na askari wa kanjo, wale wa baraza la mji. Maji yakimwagika, umeshindwa. Nzioki aliandika programu. Mimi nilichora kila kitu, hadi nzi wa masikio ya punda. Ilituchukua miaka miwili.

Kampuni moja ya Nairobi ikaahidi kuliuza. Ikachapisha boksi chache za mfano, Nzioki akazijaza CD yeye mwenyewe nyumbani, halafu kampuni ikafunga milango kabla ya kuuza hata moja. Mwaka uliofuata wezi walivunja ofisi yetu, kompyuta zote zikaenda. Nzioki alifariki 2016, figo. Kwa kadiri nilivyojua, kilichobaki kwa dunia nzima ni boksi moja lililofungwa kwa plastiki, na hilo Muigai alikuwa amelinunua kwa mtu aliyefanya kazi kwa ile kampuni.

Nelima, msimamizi wa maktaba yetu, ana kompyuta nne nyuma ya rafu za watoto. Mtu yeyote anaweza kuketi pale afungue programu za zamani zilizotengenezwa hapa kwetu: masomo ya kupiga chapa, kamusi, mitihani ya darasa la nane. Mara nne tulimwandikia Muigai tukimwomba atuache tunakili gemu letu tu, boksi libaki lake. Alijibu mara moja tu: "Mkiliweka library kila mtu acheze, langu litakuwa na maana gani?"

Huyo ndiye aliyekuwa ananiita dear.

Alhamisi nilienda kwake Mwihoko na Nelima. Muigai ana ploti ya vyumba vya kupangisha, na yeye mwenyewe anaishi gorofa ya juu kabisa. Kabla ya kutufungulia chumba chake cha makusanyo alitwambia tuache maji tuliyokuwa tumebeba kwa korido na tuvue viatu. Ndani kulikuwa na baridi kama friji ya buchari. Kabati za vioo kuta zote, taa ndogo za buluu, na maboksi ya magemu yamepangwa kama majeneza ya watoto. Mengi hayakuwahi kuuzwa popote, alisema. Mengine ni yeye peke yake anayo.

"Gani unapenda kucheza?" Nelima aliuliza.

Alicheka kwa huruma, kama umemuuliza tajiri kama anajua kupika.

"Mimi sichezi. Mimi ni mhifadhi."

Niliangalia mikono yake. Laini, kucha zimepakwa kitu zing'ae. Nikakumbuka vile Nzioki alikuwa akiandika programu amevaa soksi mikononi kwa baridi ya mwezi wa saba, tukiishi kwa chai na mandazi, na huyu ndiye leo alikuwa mhifadhi.

Nilimwambia masharti yetu. Nitaweka sahihi, naye atuache tunakili.

"Copy hapana. Lakini yule mnunuzi anataka picha ya CD yenyewe, so lazima nifungue leo. Mnaweza kuicheza dakika kumi hapa, kwa laptop yangu."

Nelima alinitazama akitaka nikatae. Nilikubali. Sikuwa nimeona michoro yangu kwa zaidi ya miaka kumi na nne, na nilijiona mdogo sana nikisema sawa.

Muigai alivaa glavu nyeupe. Alikata ile plastiki na wembe polepole, akipumua kwa mdomo, mpaka nikatamani kutoka nje. CD ilikuwa nyeupe, haina maandishi. Akaiweka kwa laptop.

Ikatokea kwaya.

Wamama wa joho za zambarau mbele ya kanisa la mabati, wanaimba kwa Kikamba wakiyumba kushoto na kulia. Na nyuma yao, kwa kinanda, Nzioki. Mwembamba, shati limemzidi, anatikisa kichwa. Sikuwa nimemwona akisonga tangu afe.

"Hii ni nini?" Muigai aliuliza.

"Ni kwaya ya mamake," nilisema. "Alikuwa anawachomea nyimbo zao kwa CD wiki ile ile aliyojaza maboksi. Alichanganya."

"Zima."

"Ngoja kidogo."

Alizima mwenyewe. Alizunguka chumba mara mbili, glavu bado mikononi. Halafu uso wake ukatulia, na hapo ndipo nilipomjua sawasawa. Alifungua droo akatoa CD tupu, akaiingiza kwa boksi, kisha akavuta kutoka chini ya meza mashine ndogo ya kufungia plastiki. Alikuwa nayo tayari. Sikuuliza ni kazi gani huifanyia kila siku.

"Boksi bado ni original," alisema. "Picha nitatumia ya CD hii nyeupe, zinafanana. Weka sahihi hapa kwa cover."

"Na yule mtu wako akifungua?" Nelima aliuliza.

"Nani atafungua? Hizi vitu hazifunguliwi."

"Kwa hivyo unauza hewa."

"Madam, wewe ni wa library. Hujui hii biashara."

Nilimwambia siwezi kuandika jina langu juu ya uongo. Alijaribu upole, akajaribu vitisho, akasema ningekuwa mtu mashuhuri ng'ambo. Nilikuwa navaa viatu. Mwishowe alitoa ile CD ya kwaya kwa laptop akaitupa kwa korido, ikasimama karibu na chupa zetu za maji.

"Chukueni takataka yenu!"

Nilichukua.

Jumamosi tuliipeleka Ngoliba kwa mamake Nzioki. Jina lake ni Kamene, lakini sisi tumemwita Mama Nzioki siku zote. Nilitaka tu amwone mtoto wake. Tuliketi kwa nyumba, nikaweka CD kwa laptop ya Nelima. Mama alitazama wimbo mzima. Ulipoisha akafuta macho na leso.

"Sasa hii ndio yetu," alisema. "Ile alinipea haikuimba hata siku moja. Niliweka kwa deki, TV inaniandikia tu kingereza."

Mimi na Nelima tuliangaliana.

"Mama," nilisema polepole, "hiyo ingine iko wapi?"

"Si iko kwa makaratasi ya shamba. Nitatupa aje kitu amenipea Nzioki?"

Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kati ya cheti cha ubatizo na karatasi za hospitali, imefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa na mikwaruzo. Kuisoma kulimchukua Nelima saa tatu, na nyimbo mbili za gemu hazikurudi. Vingine vyote vilirudi. Hata nzi.

Tuliliweka kwa zile kompyuta nne, tukaliweka pia mtandaoni yeyote alichukue bure. Muigai aliandika kwa ukurasa wake kwamba gemu letu ni feki la mtaani, na la kweli ni lake, halijaguswa. Mtu mmoja akamuuliza hapo chini, kwa hilo gemu, ukivuka daraja la Chania unaenda kushoto ama kulia? Kesho yake Muigai alifuta swali.

Mama Nzioki alikuja Kamenu Jumatano, amevaa kitambaa cha kanisa. Nilimwonyesha vibonye vya kwenda na kusimama. Aliinama karibu na kioo, akamkagua punda.

"Huyu ni Katili, punda wangu," alisema. "Lakini nani amempaka rangi ya hudhurungi? Katili alikuwa wa kijivu."

"Ni mimi, Mama."

"Ulikosea."

"Nilikosea."

Lori la mananasi lilimgonga akiwa bado mtoni. Maji yote yakamwagika. Alitukana lori kwa Kikamba, akavuta kiti mbele, akaniuliza ni wapi unabonyeza ndio uanze tena.