Mikono Miwili ya Kushoto

Kaka yangu ni fundi cherehani, na tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga kichwa chake hakijatulia. Mguu umepona, Mungu ashukuriwe, lakini mara ananiita kwa jina la marehemu mama, mara anauliza nani kaiacha chai mezani, na chai ni yake. Daktari alisema hali hii huwapata baadhi ya wazee baada ya operesheni, na wengi hurudi taratibu. Tusimharakishe.

Mimi mjane sina anayenisubiri nyumbani. Nikawa nashinda naye kibandani kwake anaposhonea, natia vifungo, jicho kwake.

Siku moja akakata shati la jirani yetu mwashi bila kukikunja kitambaa kwanza. Mikono yote ikatoka ya kushoto. Akaikalia ili nisiione. Nikaona kipande kinachungulia.

"Kaka, mwashi ana mikono mingapi ya kushoto?"

"Ndiyo maana kuta zake zinapinda!"

Tukacheka. Kisha akasema polepole, "Usimwambie mwanangu."

Sikusema. Mwashi ndiye aliyemwambia, baada ya kuleta kitambaa kingine. Haukupita muda, binti wa kaka akaja na mnunuzi wa cherehani.

"Shangazi, tuiuze mapema. Akiharibu nguo ya harusi ya mtu, tutaficha wapi nyuso?"

"Usimzike mtu anapumua, mwanangu. Mwache akate mbele yako."

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Moyoni nilikuwa naomba.

Kaka akakitandaza kitambaa cha mwashi, akakikunja uso kwa uso, akachora kwa chaki. Akashika mkasi. Mkono ukasimama hewani. Mnunuzi akakohoa. Binti akaangalia pembeni.

Kaka akauweka mkasi mezani.

"Leo sikati," akasema. "Nimechora, lakini sasa sielewi mstari upi ni upi. Jioni kichwa kinakuwa kizito. Dada, kesho asubuhi uniangalie kabla sijakata."

Tangu atoke hospitali, hakuwahi kulisema hilo kwa kinywa chake. Alikuwa akificha tu. Na anayejua lini asikate hataharibu nguo ya mtu.

Binti akamtazama baba yake, akajifuta macho, akamgeukia mnunuzi. "Utusamehe, mzee. Tumekusumbua bure. Haiuzwi."

"Nini haiuzwi?" kaka akauliza.

"Hamna kitu, baba."

Binti akavuta kigoda, akanipokonya sindano na shati nililokuwa nalitia vifungo. Hajui kushona hata kidogo, lakini nilimwachia.