Aliyepiga Simu

Wanangu niliwalea kwa sheria moja: simu ya mama haiachwi ikaita mara tatu. Anayeiacha namnunia wiki nzima, na mimi nikinuna hata cherehani yangu inajua. Kitinda mimba wangu, dereva wa gari la mikate, ndiye aliyeishika sheria ile kuliko wote. Asubuhi moja nilimpigia anipitishie zipu nyeusi. Akasema, "Naam, mama," halafu nikasikia breki. Gari lake liliingia chini ya lori.

Sikumwambia mtu. Msibani mkewe alisema ni bosi aliyekuwa akimpigia. Watu wakaitikia, nami nikaitikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kifo kilishapita na bado nilificha. Mkwe wangu ndiye pekee niliyebaki naye nyumbani. Niliogopa akijua atafungasha virago.

Mwaka ulipopita, ilikuja kamati kukusanya maoni juu ya muswada wa kuongeza adhabu kwa dereva anayeshika simu. Ukumbi ulijaa. Madereva walilalamika kwamba wanaonewa, wakili mmoja akasema bila kifungo hakuna atakayesikia. Mkwe wangu naye akainuka, akaeleza habari za mabosi wasiowaacha watu waendeshe. Mwenyekiti akamuuliza, kwa upole kabisa, jina la huyo bosi, liingizwe kwenye kumbukumbu.

Mkwe wangu akakwama. Mimi nikasimama.

"Bosi hana kosa," nikasema. "Aliyempigia ni mimi, mama yake. Sheria yenu iongezeni makali, naiunga mkono. Ila mjue mwanangu aliiogopa ya kwangu kuliko ya kwenu."

Nilikaa, nikimsubiri mkwe wangu achukue mkoba wake aondoke. Badala yake aliniinamia sikioni.

"Nilijua, mama. Simu yake polisi walinikabidhi mimi. Wewe ndiye uliyempigia mwisho."

Nikamuuliza kwa nini basi alimsingizia mtu wa watu. Akasema msibani watu walikuwa wanauliza nani alimpigia, na mimi nilikuwa nimelala sakafuni nalia, angewajibu nini?

"Nilidhani utaniambia mwenyewe tukiwa wawili," akasema. "Kila jioni nilikaa jikoni nikikungoja."

Na kila jioni mimi nilikuwa nikimuaga mapema, nikijidai nimechoka, nikaenda kulala.