Cherehani cha Mahari

Machi 1923, baada ya sala ya Ijumaa, cherehani cha mkono kiliwekwa kwenye mkeka barazani kwa Sheikh Ishaq, mjini Voi. Pembe moja ya kitako chake cha mbao ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua, mfano wa ncha ya pasi.

Mwanamvita, mjane wa fundi Rashid, alikuwa ametoka eda wiki hiyo. Alisema cherehani ni mahari yake, nacho ndicho kilichomlisha, kwa kanzu na marinda ya watu wa reli. Hashil, kaka wa marehemu, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mombasa kukichukua. Kwa maelezo yake kilikuwa cha baba yao, aliyefariki mwaka 1908, na warithi hawajakigawana hadi leo. Rashid hakuwa na haki ya kukitoa mahari.

Sheikh alikuwa shahidi wa ndoa hiyo, mwaka 1917. Alikumbuka cherehani kikitajwa na kuletwa, lakini kikiwa ndani ya kifuniko chake. Hakuna aliyekifunua.

"Ulisema ulipewa kipya, shemeji," alisema Hashil. "Kipya gani chenye kovu la pasi ya babangu? Mimi nilichapwa kwa kovu hilo."

"Ndivyo nilivyoambiwa, shemeji. Sikukipindua kama mbuzi wa sokoni."

Wawili watatu walicheka. Sheikh hakucheka: kovu lilikuwa ushahidi. Aliagiza aitwe Silvanus, Mtaita wa Bura aliyekuwa akitengeneza vyerehani kwenye vituo vya reli, akamuuliza jambo moja tu, kilitengenezwa lini.

Hashil alimwonyesha maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika kwenye chuma, akasema huo ni uzee. Silvanus alisema kitambaa kizito cha sare za jeshi, kilichoshonwa sana wakati wa vita, huyafuta kwa miaka miwili. Akapangusa vumbi kwenye namba iliyopigwa juu ya chuma. Ilianza na herufi F, na kiwanda kilichokiunda huko Skotland, alisema, kilianza kuitumia herufi hiyo mwaka 1910.

Hashil alisema herufi si shahidi. Silvanus alikilaza nyuma kichwa cha chuma cha cherehani, akafungua skrubu za bawaba, akakitoa. Katika mbao palikuwa na matundu mawili ya zamani yaliyozibwa kwa vijiti, na mawili mapya kando yake. Ukingo wa nafasi ya kichwa ulikuwa umepanuliwa kwa patasi.

"Kitako ni cha mzee wako, hukukosea," alimwambia Hashil. "Kichwa hiki kiliwekwa baadaye."

Hashil alipapasa matundu kwa kidole, moja baada ya jingine. Aliuliza kichwa cha baba yake kilikwenda wapi. Mwanamvita hakujua, na wengine barazani hawakujua.

Sheikh aliamua kwamba kichwa na mkono wake wa kuzungushia ni mahari ya Mwanamvita. Kitako na kifuniko ni vya warithi wa baba. Hashil alivibeba jioni hiyo hadi stesheni.

Jumamosi asubuhi Silvanus alikata nafasi katika ubao wa sanduku la chai, akafunga kichwa kwa bawaba zile zile. Mwanamvita alitia uzi, akashona mkono wa kanzu iliyokuwa imeachwa nusu tangu msiba.